Dumu Tupu Lina Kazi Yake

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilipoiba huku nikijiambia kuwa siibi. Hiyo ndiyo nitakayokusimulia leo, na ukinisikia napandisha sauti katikati ya maneno usishtuke, sikukasirikii wewe peke yako. Nina hasira na Tatu wa miaka ile, nina hasira na mjukuu wangu wa juzi, nina hasira na wenye maboti, na nina hasira na kila anayetupa chupa ufukweni kisha akanawa mikono kwa maji ya ziwa hilohilo. Hasira zangu ni nyingi lakini zote zimeanzia kwenye dumu tupu.

Mimi ndiye Bibi Tatu wa Ujiji. Watu wananijua kwa maua. Si maua ya bustani, maana bustani yangu kuku wameshaimaliza, ni maua ninayoyakata kutoka kwenye madumu, ndoo zilizopasuka na makopo ya mafuta ya kujipaka. Natengeneza vyungu vya kupandia, vifuniko vya taa, vikapu vya matunda, na mapazia ya vizibo vya chupa yanayolia ukipita mlangoni. Nimepamba vyumba vya maharusi tangu sijaolewa mpaka leo nimeshakuwa bibi. Kazi hii naipenda, imenilisha na kunisomeshea watoto, kwa hiyo asije mtu akaenda kusema Bibi Tatu kaikataa.

Basi nilikuwa msichana, niko kwa baba yangu hapahapa Ujiji, na Asha, binti wa mama yangu mdogo, alikuwa anaolewa na mtu wa Mwamgongo. Mwamgongo ni kule kaskazini ukishaipita Gombe, na watu wake mpaka leo safari yao ni ya boti. Ndoa ilipangwa Jumapili. Kupamba chumba cha bi harusi nikapewa mimi, na kichwa kikavimba. Nikatangaza mtaa mzima kwamba nitajaza chumba kile maua meupe, kuanzia dirishani mpaka kwenye miguu ya kitanda, na mwanamke atakayeingia pale atatoka ameshika mdomo.

Tatizo lilikuwa weupe wenyewe. Wewe uliyezaliwa Kigoma unajua kwa nini. Madumu ya kwetu ni madumu ya mawese. Yamejaa kila nyumba, nyuma ya kila duka, na yakishabeba mawese mara moja tu yanageuka rangi ya machungwa, na mafuta yananata humo. Kuosha dumu la mawese si mchezo. Unatia maji ya moto, majivu na mchanga wa ziwani, unafunga kizibo, unatikisa mpaka mabega yaume, unamwaga, unaanza tena. Siku ya tatu ndiyo linaanza kukubali, na hata likikubali ule weupe wa dukani haurudi. Mama aliniambia, "Tatu, anza kuosha mapema." Nikaitika, "Ndiyo, mama." Nikakaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgongo wangu siku zile ulikuwa hautaki kuinama.

Sasa, palikuwa na jirani yetu, Mzee Hamisi, rafiki wa baba yangu, mwenye boti ya kubebea abiria na mizigo. Mbele ya boti yake, chini ya turubai, alikuwa anaweka madumu sita meupe, matupu, yamekazwa vizibo na kuunganishwa kwa kamba. Nilikuwa nayaona kila nikienda ufukweni kuosha vyombo. Masafi, hayajawahi kuonja mawese. Nikaanza kujisemesha moyoni. Mzee huyu si ameshayasahau? Madumu matupu yana kazi gani ndani ya boti? Angekuwa anayahitaji si angeyajaza kitu?

Hebu isikilize akili hiyo. Msichana wa Ujiji, aliyelelewa kwa dagaa, ambaye akifungua dirisha analiona ziwa, anauliza dumu tupu lina kazi gani ndani ya boti. Mtoto mdogo wa kwetu anaijua kazi yake. Boti ikijaa maji unakumbatia dumu, na dumu linakubeba mpaka watu wakufikie. Jaketi la kuokolea kwetu lilikuwa kitu cha meli kubwa, tulikuwa tunakiona kwa mbali kimetundikwa. Mnyonge alikuwa na dumu lake. Nilijua, mwanangu. Nilijua vizuri sana, ila nilikuwa nimeshayaona maua yangu ndani ya yale madumu, na mtu akishaona anachokitaka hujifanya kipofu wa mengine yote.

Ijumaa hiyo wanaume walipoingia msikitini nikateremka ufukweni na kisu cha jikoni. Nikafunua turubai, nikakata kamba, nikayatoa yote sita. Kisha nikairudisha turubai, nikaikunja pembe zake kama nilivyozikuta. Turubai hiyo ndiyo inayoniuma kuliko kisu. Anayeokota kitu kisicho na mwenyewe hahangaiki kukunja turubai. Mikono yangu ilikuwa inajua kuwa ni wizi wakati mdomo wangu unasema ni takataka.

Nikakata mpaka usiku. Kisu nilikipasha kwenye jiko la mkaa, nikawa nachora jani moja moja la ua, nikizipitisha kingo kwenye moto wa mshumaa mpaka zijikunje zenyewe. Vikonyo nilifanya kwa njiti za makuti ya mchikichi. Kila dumu lilikuwa na herufi H ya rangi ya buluu, alama ya Mzee Hamisi, nami nikaona bahati iliyoje, hata rangi imejileta. Nikaikata ile buluu vipande vidogo nikaiweka katikati ya maua, ikawa ndiyo kiini chake.

Jumamosi alfajiri Mzee Hamisi akaisukuma boti yake majini kwenda Mwamgongo kumchukua mama wa bwana harusi, Bi Zaituni, na dada zake wawili. Hakuifunua turubai. Kwa nini aifunue? Madumu yalikuwa pale miaka yote, na pembe zilikuwa zimekunjwa vizuri.

Adhuhuri chumba kilikuwa tayari. Wanawake wakaja kukiona, wakapiga vigelegele, mama mdogo akanikumbatia akalia. Mimi nikawa natembea uani kama jogoo. Halafu upepo wa kusini ukaamka. Ukaanza kupeperusha kanga kwenye kamba, ukaangusha sufuria, na kutoka mlangoni nikaliona ziwa limegeuka rangi, linatoa povu jeupe mpaka mbali. Maboti yakaanza kuvutwa nchi kavu moja baada ya jingine. Ya Mzee Hamisi haikuwemo. Nikayaangalia maua, nikaliangalia ziwa.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Nilikaa jikoni nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, kila akipita mtu nauliza, "Wageni hawajafika?" kama asiyejua kitu. Maji yakishamwagika hayazoleki, hilo ni kweli, lakini hata kusema kwamba yamemwagika nako kunahitaji moyo, na mimi moyo huo sikuwa nao.

Magharibi inakaribia, gari ndogo ya mizigo ikaja kutoka Katonga, ule ufukwe wa wavuvi, na ndani yake wako wao. Wote wanne, wazima, wameloa, wamefunikwa magunia. Yaliyotokea tukaambiwa palepale mlangoni. Walikuwa wameshaiona Katonga kwa macho wimbi lilipoijaza boti. Mzee Hamisi akapiga kelele wanawake wachukue madumu, akaivuta turubai kwa nguvu zake zote, akakuta kipande cha kamba. Kipande cha kamba tu, mwanangu. Alibaki amekishika, hajui akifanye nini.

Aliyewaokoa ni Bi Zaituni. Alikuwa amembebea mkwewe zawadi ya madumu mawili ya mawese, yaliyokamuliwa kutoka kwenye michikichi yake mwenyewe. Akafungua vizibo, akayamwaga mawese yote ziwani, akavikaza vizibo tena. Dumu moja wakalikumbatia dada zake wawili, jingine akalikumbatia yeye, na Mzee Hamisi akashikilia boti iliyopinduka mpaka wavuvi wa Katonga walipowafikia. Mbuzi wa harusi waliyekuja naye alikwenda na maji, mchele ulikwenda, nguo za harusi zilikwenda.

Naona unataka kusema, ah, Bibi, mbona hakufa mtu. Wageni ninaowasimulia siku hizi husema hivyo, na hapo ndipo damu yangu inapochemka. Hakufa mtu kwa akili ya Bi Zaituni. Kwa akili yangu mimi walikuwa wamekufa wanne, na maua yangu yangekuwa ya kaburini. Usijifariji kwa balaa iliyompitia mwenzako pembeni wakati wewe ndiye uliyeifungulia mlango.

Bi Zaituni alikataa kuliachia lile dumu. Walimbadilisha nguo, wakamnywesha chai ya tangawizi, yeye na dumu lake la mawese kifuani, limempaka kanga ya watu rangi ya machungwa tupu. Akaomba aonyeshwe mkwewe. Wakampeleka chumbani kwa Asha, nami nikasukumwa mbele na shangazi zangu, "Huyu ndiye fundi aliyepamba, mama." Akakaa kwenye mkeka. Akayatazama maua. Kisha akanyoosha mkono akachomoa moja, akaligeuza, akakaribisha macho yake kwenye kile kiini cha buluu. Boti ya Mzee Hamisi alikuwa ameipanda miaka mingi, na madumu yale aliyajua. Akawaomba wengine watupishe, hata bi harusi mwenyewe.

Tulipobaki wawili nilingoja kofi. Wallahi ningelipenda lile kofi. Yeye alikuwa Muha, na Kiswahili chake kilikuwa kinatembea polepole. Akaniambia, "Mwana wanje," ndiyo mwanangu kwa Kiha, "hili ua, nikilishika majini, litanibeba?"

Akarudia, "Nakuuliza. Litanibeba?"

"Halikubebi, mama."

"Na hili?" Akaligonga dumu la mawese kifuani kwake, likatoa sauti ya utupu.

"Hilo linakubeba."

"Lipi zuri?"

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie mpaka niliponyamaza mwenyewe, hakunibembeleza. Akasema hatasema neno kwa mtu, si jirani wala mwanawe, kwa sababu Asha hana kosa na ndoa ni ya Asha. Lakini Mzee Hamisi nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu, kabla ya ndoa kufungwa. Na lile dumu la mawese akanikabidhi. "Utaliosha," akasema. "Ukichoka, kumbuka mimi nilichoka kulishika."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilikuwa nausikia msemo huo tangu utotoni nikidhani unasemwa kwa ajili ya wanaume wanaovaa vizuri.

Jumapili asubuhi nikaenda kwa Mzee Hamisi. Alikuwa amekaa barazani, ameinamisha kichwa, maana watu walikuwa wameshaanza kumnong'ona kuwa amepakia wageni bila maboya. Hata heshima yake nilikuwa nimeikata, si madumu tu. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Nikamweleza yote, Ijumaa, kisu, kamba, turubai. Nilijua atanipeleka kwa baba yangu na nilijua baba atafanya nini.

Mzee akainua kichwa. Akasema, "Tatu, mimi sijui kuogelea."

Hakuongeza jingine. Mzee mzima, ameliendesha ziwa hili tangu ujana wake, na hakujua kuogelea. Nami katika vitu vyote nilivyokuwa nimejiambia ili nisijione mwizi, kimojawapo kilikuwa hicho, kwamba hata likitokea la kutokea, wenye maboti ni watu wa maji, wanaogelea kama samaki. Nani alikuwa ameniambia? Hakuna. Nilijitungia mwenyewe kwa sababu lilinifaa.

Nikaosha. Nilikwenda kwa wauza mawese nikaomba madumu yaliyochakaa, nikachukua na lile la Bi Zaituni, yakawa sita. Maji ya moto, majivu, mchanga. Mikono ilibabuka. Nilipoyapeleka kwenye boti Mzee Hamisi aliyajaribu moja moja majini, akayafunga kamba yeye mwenyewe, na tangu hapo kila safari nilimwona anafunua turubai kwanza ndipo asukume boti. Maua yale meupe nilikuwa nimeyachoma siku ileile harusi ilipokwisha. Miezi mingi baadaye, niliporudi kwenye kazi, nilikata dumu la mawese bovu, lililopasuka chini, lisiloweza tena kubeba mafuta wala mtu. Na hebu ona. Ile rangi ya machungwa niliyokuwa naikimbia ikapita ndani ya majani ya ua, pengine imekolea pengine imefifia, kwa namna ambayo hakuna rangi ya dukani inayoweza kuifanya. Maua hayo ndiyo yaliyonipa jina nililonalo.

Sasa nije kwa huyu wa juzi, mjukuu wangu Salma, maana wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mimi wangu kaja na simu mkononi.

Salma anakaa Gungu. Nilimfundisha mwenyewe kazi hii, na amenipita, sioni haya kusema. Anatengeneza vyungu na vifuniko vya taa, anavipiga picha, anaviweka kwenye simu, watu wanaagiza mpaka kutoka mikoa ya mbali. Wiki iliyopita nikaenda kumsalimia. Nikamkuta uani anapaka rangi vyungu viwili vipya, na pembeni yake yamepangwa madumu matano meupe, masafi. Kwenye kila mkono wa dumu kinaning'inia kipande cha kamba ya kijani, kimekatwa kwa kisu.

Nikasimama. Nikamuuliza, "Haya umeyatoa wapi?"

"Nimenunua, Bibi. Kuna bodaboda ananiletea kutoka Katonga huko, fresh kabisa, wala huoshi."

"Na kamba hizi?"

"Bibi nawe. Madumu matupu tu hayo."

Matupu tu. Nilihisi kama nimezabwa kibao, kwa maana lilikuwa neno langu mwenyewe limetoka kwenye mdomo wa mjukuu wangu, halikubadilika hata herufi. Kuna msemo kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na watu wanaupenda, lakini aliyeutunga nadhani hakuwahi kuzama. Huku kwetu kitu kilichojaa kinakwenda chini na kitu kitupu ndicho kinachokurudisha kwa watoto wako.

Nikamwambia asimame. Akaanza, "Bibi, nina oda ya watu." Nikamwambia oda itakaa, simama. Tukaita bodaboda mbili, tukafunga madumu matano nyuma, na vile vyungu viwili nikambebesha mkononi, rangi haijakauka. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu, dereva akadhani nagombana naye.

Na nikwambie kilichonikera zaidi njiani. Tunateremka Katonga, ufukwe umejaa chupa. Chupa za maji, chupa za soda, makopo, ndoo zilizovunjika, zimechanganyika na magamba ya samaki, na kuku wanatembea juu yake. Mali ya kazi yetu yote hiyo, ya bure, haina mwenyewe, inalilia mikono. Wanaoitupa pale hawana haya, na serikali ya mtaa inaipita kila siku imevaa viatu vizuri. Lakini nyinyi mafundi wa leo hamtaki kuiokota, kwa sababu inanuka, kwa sababu inataka kuoshwa. Mnaacha takataka laki moja mnakwenda kukata kile kitu kimoja kisafi chenye kazi. Halafu mnaandika kwenye simu zenu kwamba mnatunza mazingira.

Tukapita boti hadi boti nikiuliza, nikiwa nimeshika kipande cha kamba. Boti ya sita hivi nikaona mbele yake kamba ya kijani iliyokatwa. Ilikuwa inapakia wanawake wa Mwamgongo waliokuja kuuza dagaa, wanarudi kwao na mabeseni yao, mmoja ana mtoto mgongoni. Nikamwita nahodha, kijana wa miaka thelathini hivi. Nikamuuliza maboya yake yako wapi. Akacheka, "Yako hapo chini ya turubai, Bibi." Nikamwambia funua. Akafunua. Kicheko kikamtoka usoni.

Naye sikumwacha salama. "Unapakia watu hujafunua turubai? Na majaketi yako wapi, zama hizi? Tulipokuwa tunakumbatia madumu tulikuwa hatuna kitu, wewe una simu mbili shingoni." Akasema, "Nimekosa, Bibi." Kweli amekosa. Aliyeiba ana kosa lake na asiyekagua ana lake, wasije wakagawana moja.

Tukarudisha yale matano. Nikamgeukia Salma, amesimama kwenye maji mafupi na vyungu vyake viwili, vimepakwa madoadoa ya waridi, vizuri sana, Mungu anisamehe. Nikasema wote wakisikia, "Yalikuwa saba, mawili ndiyo vyungu hivi. Sasa ni matano. Hebu wewe uliyenunua, waangalie hawa, utuonyeshe wawili wa kubaki majini."

Wale wanawake wakamtazama. Yule mwenye mtoto hakuelewa bado kinachozungumzwa, akamtabasamia, akamwambia, "Vizuri hivyo vyungu vyako, dada."

Salma akaviweka chini mchangani. Akageuka akakimbia. Nikadhani amenikimbia, na nikawa nimeshaanza kukasirika upya, lakini baada ya muda nikamwona anashuka kutoka sokoni, kwa wauza mawese, na madumu mawili, moja kila mkono, hayajaoshwa, yanateleza, gauni lake la kwenda kwa wateja limechafuka rangi ya machungwa kuanzia kifuani mpaka magotini. Akaingia majini mpaka kiunoni. Akayafunga mwenyewe kwenye kamba ya kijani, na nahodha alipotaka kumsaidia akamsukuma mkono. Halafu akavijaribu vizibo vyote saba.

Tulibaki pale mpaka boti ikawa ndogo. Aliniuliza, bila kunitazama, "Bibi, ulijuaje?" Nikamsimulia Ijumaa yangu, kwa mara ya kwanza. Miaka yote niliyomfundisha kupasha kisu na kukunja kingo za ua nilimficha hilo kwa aibu, na kumbe ndilo lililokuwa somo la kwanza. Kwa hiyo hasira yangu nyingine iko hapo, kwa bibi aliyefundisha kukata akasahau kufundisha kuuliza.

Ndiyo maana nakuambia wewe sasa, mwanangu, nisije nikazikwa nalo. Pamba nyumba yako. Kitu kilichotupwa ukikigeuza pambo umefanya jambo jema, na mwenye kukucheka mwache acheke. Lakini kabla hujakata, uliza, hiki kilikuwa cha nani, na kina kazi gani ambayo mimi siioni. Kitu kitupu si kitu cha bure. Usinunue usafi usioujua ulikotoka, kwa maana ukiona dumu jeupe lenye kamba iliyokatwa, jua kuna mtu mahali fulani anavuta turubai. Chukua kilichopasuka, kilichonuka, kilichotupwa kweli, ukioshe mpaka mabega yaume. Ukiona uvivu wa kuosha unakuja, ogopa, uvivu huo ndio ulioniokotea kisu. Na ukishakosea, sema mapema kwa mdomo wako, usikae jikoni kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Wewe mwenye boti, funua turubai yako kabla ya kusukuma, kila siku, hata kama jana yalikuwepo.

Vyungu vile viwili Salma hakuviuza. Kimoja anacho yeye Gungu, kingine kiko hapa mlangoni kwangu, nimepanda mchaichai. Wageni wanakisifu, nami kila wakikisifu nawasimulia.

Mwenyezi Mungu akupe mikono isiyochoka kuosha na ulimi usiochoka kuuliza. Akujalie nyumba inayopendeza bila kumpunguzia mtu pumzi. Na siku upepo wa kusini utakapokukuta katikati ya ziwa, mwana wanje, ukanyoosha mkono wako chini ya turubai, akukutanishe na dumu ambalo hakuna mtu aliyeliona zuri. Amina.